Kachumbari yako kaikata nani, na tumbo lake likoje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na barua ikiwa ndefu unisamehe, mimi si mwandishi, naandika kwenye simu huku nasubiri viazi vichuje maji. Na nianze na ukweli, gazeti lenyewe sikulinunua, lilikuja limefungia vitumbua asubuhi, nikala vitumbua vyangu vinne nikabaki nasoma karatasi kama kawaida yangu, ndo nikakutana na barua ya msomaji wako mmoja, kaka au mzee sijui maana jina lilikuwa limeshaloa mafuta. Alikuwa analalamika kuhusu mabanda ya chipsi. Anasema yafungwe yote, kuna nzi, kuna moshi, maji ya kuoshea sahani yana rangi ya chai, watu waende kula kwenye migahawa ya kisasa yenye vioo na kiyoyozi ambako wahudumu wanavaa glavu na kofia na usafi unauona mwenyewe kwa macho.

Sasa hapo kwenye kuona kwa macho ndo nikashika simu.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka minne nimekaanga kuku kwenye fasti fudi moja hapa hapa Dar, ile ya vioo kabisa, taa nyekundu nje, picha ya baga ukutani kubwa kuliko mlango, jina lake nalihifadhi maana nina wenzangu bado wanatafuta riziki mle. Na sasa hivi mwaka wa sita nina banda langu Mbagala, chipsi, mayai, kuku, wikiendi mishikaki. Kwa hiyo sitetei mabanda kwa vile na mimi ninalo, mabanda machafu yapo tena mengi, hapa kwetu kuna moja siwezi kula hata wanipe bure na soda juu. Ninachobisha ni hicho kimoja tu, kwamba kioo na glavu ndo usafi wenyewe. Maana kitu kilichokuwa kinatutia hofu sisi tuliokuwa nyuma ya kile kioo mteja hakuwahi kukiona hata siku moja, na bwana afya naye hakukiona, na alikuwa anakuja.

Nianze na stori ya glavu maana inachekesha. Mwanzoni hatukuwa nazo. Tulikuwa na sinki moja la kunawia karibu na mlango wa stoo na kipande cha sabuni, basi, na kuku mbichi anateleza, ananata, ukishamshika mkono wenyewe unakukera, unaenda kunawa bila kutumwa na mtu. Halafu mteja mmoja akaja juu kwamba kamuona kijana anashika mkate kwa mkono mtupu, meneja akaleta maboksi ya glavu. Tangu siku hiyo sinki likawa kavu. Glavu unaivaa saa nne asubuhi unakuja kuivua saa nane ukienda kula, hapo katikati umeshashika kuku mbichi, mlango wa frizi, simu yako, noti ya elfu kumi, pua yako kama una mafua, na mkate wa baga. Mkono ulio ndani ya glavu hausikii uchafu, umekaa zake mkavu raha mustarehe, na mteja kule mbele anafurahi anaona mikono ya bluu. Glavu ukiibadilisha kila unapotoka kwenye kibichi kwenda kwenye kilichoiva, na ukanawa kabla ya kuvaa nyingine, ni kitu kizuri. Sisi tulikuwa tunapewa mbili kwa siku.

Na lile kabati la kuku lenye taa ya njano mnalolipenda. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi joto 60, kutoka hapo kushuka mpaka nyuzi 5 ndo eneo la vijidudu kuzaliana, Shirika la Afya Duniani wanafundisha hivyo, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili. Taa ya kabati letu kazi yake ilikuwa kupendezesha tu, ukiingiza mkono mle ni joto la ndani ya daladala, basi. Kuku aliyekaangwa saa tano alikuwa anauzwa saa kumi, kabla ya kukupa tunamchovya kwenye mafuta kidogo ngozi ikauke tena uone ndo ametoka jikoni. Na watu wengi wanadhani moto unafuta kila kosa, haufuti. Kuna bakteria wanaitwa stafilokokasi wanakaa puani mwetu na kwenye vidonda vya vidole, wakipata nafasi ya kuzaliana kwenye chakula wanaacha sumu, na hiyo sumu ukipasha chakula bakteria wanakufa yenyewe inabaki. Unaweza ukala kuku anaunguza ulimi na usiku ukatapika vilevile.

Lakini hayo yote yana dawa, bosi akiamua ananunua kabati la maana, ananunua kipimajoto, anafundisha watu wake, yanaisha. Kilichonifanya niandike ni kingine.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, foleni mpaka nje. Kulikuwa na dada mmoja tunapiga naye kazi, nimuite Dada wa Saladi maana ndo ilikuwa sehemu yake, anakata kabichi na karoti, anachanganya mayonezi, anapanga nyanya na letasi kwenye baga. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaendesha mpaka asubuhi. Kafika kazini macho yameingia ndani, midomo imekauka, saa tano akatapika kwenye choo cha wafanyakazi, kile kile kimoja tulichokuwa tunatumia watu kumi na mbili. Mimi mwenyewe ndo nilienda kumwambia meneja. Na meneja hakuwa mtu mbaya naomba mjue, mimi alikuwa ananikopesha nauli. Akamwangalia yule dada akamwambia kama unaweza kusimama simama, kama huwezi nenda kapumzike ila ya leo usiidai. Ya leo ilikuwa elfu saba. Dada ana watoto wawili, kodi inadaiwa. Akanywa maji ya sukari na chumvi, akafunga eproni, akavaa na glavu zake, akakata kabichi mpaka saa mbili usiku.

Jumatatu yake sisi wa jikoni tulikuwa wanne tunapishana mlangoni chooni, mimi nikiwemo. Wateja wa ile Jumamosi walishatawanyika mji mzima, aliyeumwa kaumwa kwao Tabata, kwao Kigamboni, kameza flajili zake kasingizia maji ya bomba. Na ndo uzuri wa biashara hii kwa mwenye mgahawa, ugonjwa hauji mezani, unakuja baada ya masaa kumi na mbili, siku moja, hata siku mbili, mteja ameshakula sehemu nyingine tano hapo katikati, na kama alipita kununua muhogo wa kukaanga barabarani basi kesi imeisha, ni muhogo. Nani atamtaja kuku wa elfu kumi na tano aliyekuja na kiboksi chenye nembo?

Nilikuja kujisomea baadaye nikaelewa kilichotokea. Kuku kutoka kwenye mafuta yanayochemka hana neno. Shida iko kwenye vile vinavyowekwa baada ya moto, kabichi, nyanya, letasi, kachumbari, barafu ya kwenye soda, na mkono unaofunga. Hapo hakuna moto tena wa kuokoa, mkono wa aliyeandaa ndo wa mwisho. Kuna virusi vinaitwa norovirasi, chembe zisizofika hata mia zinatosha kumlaza mtu mzima, na mgonjwa akitapika au akiendesha anatoa mamilioni kwa mamilioni. Ile sanitaiza ya spiriti tuliyoizoea toka korona haiviwezi vizuri hivi, vinataka maji yanayotiririka na sabuni, na sakafu inataka jiki. Halafu mtu akipona leo hajapona kwa maana ya jikoni, bado anavitoa, ndo maana wataalamu wanasema asiguse chakula cha watu mpaka yapite masaa 48 tangu tumbo litulie.

Masaa 48 Mhariri. Kwa hesabu ya elfu saba kwa siku hiyo ni elfu kumi na nne imekwenda, ongeza na ile siku yenyewe aliyoumwa ni ishirini na moja. Mwambie deiwaka, kibarua wa kulipwa kwa siku, mwenye watoto akae nyumbani apoteze elfu ishirini na moja ili wewe ambaye hakujui ule baga salama. Atakwambia sawa, halafu kesho utamkuta kanywa dawa ya kuzuia kasimama pale pale.

Na msidhani huu ni ushamba wetu wa Bongo. Marekani kuna kampuni ya fasti fudi kubwa kabisa inaitwa Chipotle, wana matawi kwa maelfu, wana mafunzo, wana vitabu vya taratibu. Desemba 2015 kwenye tawi lao moja Boston kulikuwa na mtu anajifunza umeneja, akatapika hapo hapo mgahawani, na utaratibu wa kampuni ulikuwa unasema aende nyumbani, ila akaamriwa aendelee na kazi. Siku mbili baadaye mtu huyo huyo akasaidia kufunga oda ya timu ya basketi ya chuo cha Boston College. Waliougua wakafika 141. Mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi ya jinai, kwa mlipuko huo pamoja na mingine ya kati ya 2015 na 2018 iliyowaletea ugonjwa watu zaidi ya 1,100. Kule kule watu wa afya walipochambua milipuko ya magonjwa kwenye migahawa ya mwaka 2017 mpaka 2019, kwenye ile ambayo walifanikiwa kujua kosa lilikuwa wapi, karibu asilimia 40 ndani yake alikuwemo mfanyakazi mgonjwa. Sasa hao wana maji ya moto bombani na mkaguzi ana gari.

Kuna na stori ya zamani sana ya New York nikiikumbuka huwa namuonea huruma yule mama. Anaitwa Mary Mallon, alikuwa mpishi wa majumbani kwa matajiri, ana vijidudu vya taifodi tumboni lakini yeye mwenyewe haumwi, mzima kabisa, anapika nyumba hii watu wanaumwa, anahamia ile wanaumwa. Mwaka 1907 wakamgundua wakamfungia kisiwani. 1910 wakamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena, wakamtafutia kazi ya kufua. Kufua kulikuwa kunalipa kidogo kuliko kupika. Akabadilisha jina akarudi jikoni, 1915 akakutwa anapika kwenye hospitali ya wazazi, watu 25 wameugua wawili wamekufa, wakamrudisha kisiwani akakaa huko mpaka kufa kwake 1938. Watu wanamsimulia kama mchawi vile. Mimi naangalia ile kazi ya kufua tu, kwamba serikali ya jiji tajiri namna ile ilikuwa na hela ya kumlinda kisiwani miaka yote hiyo ila haikuwa na hela ya kumlipa asipike.

Turudi kwetu. Sheria tunayo tena nzuri tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi ana likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Siku niliyoisoma nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaniuliza mama vipi. Maana likizo hizo zinaanza kumhusu mtu aliyefikisha miezi sita kazini, na pale kwetu jikoni na kaunta watu kumi na mbili wenye mkataba walikuwa watatu, meneja, keshia na mpishi mkuu, yaani wale ambao kabichi hawaigusi. Sisi wengine ni deiwaka, jina letu liko kwenye daftari la mistari, unasaini jioni unachukua chako unaondoka, na ukikaribia hiyo miezi sita unaambiwa pumzika kidogo tutakupigia simu. Wanakupigia kweli, baada ya wiki tatu, unaanza moja.

Halafu kuna mambo ya vyeti vya afya. Kila miezi sita anayeshika chakula cha watu anatakiwa apimwe, choo, na vingine, anapata cheti chake. Bwana afya akija anaomba vyeti, anahesabu vichwa na vyeti, anaangalia kucha, anachungulia choo, anaandika, anaenda. Sina ugomvi naye, kata nzima ni yake na kwa miguu. Ila cheti cha mwezi wa tatu kinasema mwezi wa tatu nilikuwa mzima, cha usiku wa jana hakijui. Ingekuwa mimi ndo bwana afya ningeomba kitu kingine kabisa, ningesema leta daftari la mahudhurio la mwaka. Nifungue nitafute siku ambayo mtu hakuja kwa sababu ya tumbo na akalipwa. Jikoni kwenye watu kumi na mbili, joto hili la Dar, maji haya, mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyelala nyumbani kwa tumbo, hiyo si afya njema jamani, wote mnajua ni nini. Mgahawa wa namna hiyo ningeuandikia faini kabla sijaangalia hata kucha moja. Haihitaji maabara wala mashine, ni kusoma daftari, dakika kumi umemaliza, na mwenye mgahawa akijua daftari litasomwa ataanza kuwalaza watu nyumbani mwenyewe.

(Kwenye mambo ya kuripoti nikukumbushe kidogo, juzi mteja kagombana na mimi kuhusu chenji akaniambia nitakuripoti TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa. Nikamwambia kaka yangu TFDA ilibadilishwa toka 2019 ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango, na banda kama hili anakuja afisa afya wa halmashauri. Akasema basi nitakuripoti kote.)

Sasa msomaji wako atauliza na wewe mwenye banda unafanyaje. Nina kijana mmoja, ananisaidia kumenya, kukata na kufunga. Siku ya kazi nampa elfu nane. Akiniambia tumbo linasumbua nampa elfu tano alale, na kesho yake elfu tano nyingine alale tena, namtumia kwenye simu. Mume wangu alisema nimechanganyikiwa, nalipa mtu kulala. Na kweli mwanzoni kijana alinipiga chenga, nikaanza kuona tumbo linamshika kila ikifika mechi ya Simba na Yanga, nikamwambia mdogo wangu hilo tumbo lako linafuata ratiba ya ligi. Tukacheka, tukaelewana, derbi naruhusu bila kuumwa ila bila hela. Toka hapo akisema anaumwa namuamini. Kwa mwaka haizidi siku kumi na kitu, yaani kama elfu hamsini mpaka sabini, ni chini ya dumu moja la mafuta la lita ishirini. Kama mimi wa Mbagala ninaiweza, mwenye kiyoyozi anashindwa nini? Tena yule wa vioo baga yake moja ni faida yangu ya siku nzima.

Ila nisijifanye malaika. Mwaka juzi mwezi wa kwanza, ada inadaiwa, mimi mwenyewe nilishikwa na tumbo na sikulala nyumbani. Nilifungua banda. Kijana ndo aliyekata na kufunga, mimi nikakaa kwenye mafuta na hela, kachumbari sikuweka, nilinawa mpaka mikono ikachubuka, lakini nilifungua. Mwenye banda akiumwa nani anamlipa alale? Hilo jibu sina na sijaliona kwenye sheria yoyote. Nilichojifunza ni kwamba siku hizo menyu inapungua, chochote kisichopita kwenye moto hakiuzwi, na mteja akinuna anune.

Na kwenye maji msomaji wako yuko sahihi, sibishi. Banda lisilo na maji ni hatari hata anayekaanga awe mzima kama ng'ombe. Sahani kumi zinazamishwa kwenye beseni moja, ya kumi inatoka chafu kuliko ilivyoingia. Maji yakikata hapa kwetu ndoo nanunua mia tano, natumia saba mpaka nane kwa siku, nina ndoo moja yenye koki ya wateja na ya pili yenye koki ya kwetu, kama huna hela ya koki tundika kibuyu chirizi, dumu la lita tatu na kamba na kijiti, watoto wa shule ya msingi wanakijua kukitengeneza. Ila kila kipindupindu kikiingia mji huu mgambo wanavunja mabanda na kumwaga kachumbari za watu, wakishamaliza kumwaga sijawahi kuona wamerudi kutuvutia bomba. Tukifungua tena baada ya mwezi tunafungua na beseni lile lile. Manispaa inachukua ushuru, basi ushuru wa mabanda ishirini ya mtaa mmoja hautoshi kuleta koki moja pale katikati tukachangia bili?

Wewe mteja nakuomba kitu kidogo. Ukiingia kwenye hiyo ya vioo usiangalie glavu, angalia sinki la kunawia kama lina maji na sabuni na kama kuna mtu anaenda pale. Ukimuona muhudumu kalegea, jasho linamtoka kwenye kiyoyozi, anaenda ndani kila dakika tano, usiagize saladi. Na usimripoti kwa meneja jamani, watamfukuza huyo na kumleta mwingine asiyesema. Muulize meneja kwa sauti wenzako wasikie, mtu akiumwa hapa mnamlipa? Waulizeni wote, wale wa delivari pia waandikieni kwenye maoni. Mimi miaka minne ile sikuwahi kusikia mteja anauliza hivyo, walikuwa wanauliza kwa nini sosi ya pili inalipiwa.

Na wewe Mhariri nina lako, usichukie. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 sisi wa vyakula wengi tumehamia kwenye karatasi yoyote inayopatikana, na inayopatikana kwa bei nafuu kuliko zote ni gazeti lako. Wino wake ukikutana na kitu cha moto chenye mafuta unahama, kile kitumbua changu cha nne kilikuwa na nusu ya kichwa cha habari mgongoni, unaweza kusoma. India mamlaka yao ya chakula iliwaonya watu wasifungie chakula kwa magazeti toka 2016 na ikarudia kuwakumbusha watu 2023, kwa ajili ya kemikali za kwenye wino hizo. Mimi nafungia karatasi nyeupe na bahasha za kaki, bei imechangamka kidogo, lakini nimeacha magazeti. Naomba kakipande kadogo tu pale chini ya ukurasa wa kwanza muandike gazeti hili si la kufungia chakula. Muuza vitumbua wangu anasoma vizuri sana, ataona.

Msomaji mwenzangu wa ile barua namkaribisha bandani, Mbagala, jioni kuanzia saa kumi na moja. Asije Alhamisi hii wala Ijumaa kama anapenda kachumbari. Kijana kanipigia asubuhi tumbo limemkamata, mechi hakuna, nimeshamtumia tano yake, kwa hiyo mpaka Jumamosi ni chipsi na mayai na pilipili ya kupika.

Wako msomaji (wa karatasi za vitumbua),
Mama Chipsi,
Mbagala, Dar es Salaam.